Mashavu ya Mpiga Tarumbeta

Mzee aliendesha treni mpaka akastaafu, ndipo macho yakaanza kumsaliti. Kitu cha karibu alikiona, cha mbali kilikuwa ukungu mtupu. Kila mara bendi ya binti yake kitindamimba ilipotumbuiza alikaa mstari wa mbele, akamsikia akipuliza tarumbeta, lakini asimwone.

"Sauti naijua," alisema. "Uso anaopulizia ndio siujui."

Basi binti yake mkubwa, fundi cherehani, akaamua kununua kamera ya video. Wakaenda dukani yeye na baba yake.

"Chukua hii, dada," muuzaji alisema. "Inakuza mara mia!"

"Hebu mvute yule mwenye mwavuli ng'ambo ya barabara."

Muuzaji akavuta, akavuta tena. Mwavuli ukageuka viraka vya rangi.

"Hii haikuzi, kaka. Inatanua kitambaa mpaka kinachanika."

Muuzaji akacheka, akatoa nyingine inayovuta kwa lenzi yenyewe, akaiunganisha na televisheni ya dukani na kujielekezea mwenyewe. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mwanangu," akamwambia muuzaji, "kifungo cha shati lako kinaning'inia."

Wakaichukua hiyo hiyo.

Siku ya onyesho, fundi aliisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akamrekodi mdogo wake mwanzo hadi mwisho. Kesho yake dada hao wawili wakaketi mbele ya kompyuta kuihariri.

"Kata hapo! Mashavu kama chura."

"Haya."

"Na hapo, jasho linanichuruzika. Na hapo nimekosea, toa kabisa."

"Mdogo wangu, nguo ikikatwa hivi inabaki leso."

"Wewe kata tu."

Zikabaki picha za vidole, gauni na tabasamu la mwisho. Sauti ya wimbo wakaiacha ikiendelea chini yake.

Jioni wakamwekea baba. Mzee akavuta kiti mpaka kwenye televisheni, akatazama hadi ikaisha.

"Nzuri," akasema. "Lakini anayepuliza yuko wapi?"

"Si mimi huyo, baba?"

"Huyo anatabasamu tu. Mmenificha nini?"

Dada wakatazamana. Bahati nzuri, fundi hakuwa amefuta chochote kwenye kadi. Akachomeka waya wa kamera kwenye televisheni, akabonyeza.

Uso wa kitindamimba ukajaa kioo kizima. Mashavu yakafura, jicho moja likafumba, jasho likateremka puani. Noti ikaenda kombo. Akatoa macho, akajikaza, akaendelea. Mzee akaangua kicheko mpaka akajipiga goti kwa kiganja.

"Huyo ni mama yangu mzazi! Ndivyo alivyokuwa akipuliza moto, Mungu amrehemu. Rudisha!"

Ikarudishwa. Mpiga tarumbeta alikuwa amejifunika uso kwa mto wa kochi, lakini mabega yalimtikisika kwa kicheko. Baba akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu lile lililofura.

"Leo nimekuona," akasema taratibu.

Binti akautupa mto, akaja kuketi sakafuni kando yake. "Basi irudishe tena, dada. Pale nilipokosea."

Fundi akaihariri upya, mashavu, jasho na makosa vikabaki. Safari hii alikata hotuba ndefu ya mshereheshaji, na hakuna aliyeililia.