Mama Narudia

Karani wa oda kwenye bohari la vifaa vya ujenzi aliitwa Mama Narudia, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Simu haikulia mara ya tatu kabla hajaipokea. Mteja akitaja anachotaka, yeye anaandika kwenye kitabu cha oda, kisha anasema, “Narudia: mabati thelathini, misumari kilo tano. Sahihi?” Mteja akikubali, anauliza, “Kuna kingine?” Hakuna. Simu chini.

Kwa miaka kumi na minne, hakuna lori lililopeleka mzigo mahali siko. Mtunza stoo, mwanamume mwenye kipara na mdomo usio na breki, hakuchoka kumtania.

“Dada, marehemu mumeo alipokuposa, ulimrudia na yeye maneno yake?”

“Neno kwa neno. Nusu akayakana hapo hapo.”

Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Binti yake wa pekee alikuwa ameondoka miaka miwili iliyopita, na begi moja. Alisimama mlangoni akasema, “Mama, kuzungumza na wewe ni kama kuagiza saruji.”

“Sema basi unachotaka, nikusikie,” mama akamjibu.

Binti akacheka kicheko kikavu, akaenda zake. Tangu siku hiyo namba yake haikupatikana.

Mama Narudia si mtu wa kwenda kulia kwa majirani. Alitwaa kalenda iliyoning'inia juu ya meza yake ya kazi, na nyuma yake akaandika maneno ya kumwambia mwanawe siku atakayopiga: Rudi nyumbani, mwanangu. Sina neno. Akaitundika tena. Aliyajua maneno hayo kwa moyo, kama alivyozijua saizi za nondo.

Simu ilikuja Jumanne kabla ya adhuhuri, lori likinguruma nje.

“Mama, ni mimi.”

Mkono ulikuwa umeshavuta kitabu cha oda. “Nakusikia.”

“Nimejifungua. Wiki iliyopita. Wa kike. Hakukaa, mama. Siku mbili tu.”

Kalamu ikawa inakwenda yenyewe. Mama akaisikia sauti yake, ile ile ya mabati na misumari.

“Narudia. Umejifungua wiki iliyopita. Wa kike. Siku mbili.”

“Sahihi, mama.”

Akainua macho kuitazama kalenda. Maneno yalikuwa yameuelekea ukuta, lakini hakuhitaji kuyasoma. Akafungua mdomo, na ulimi ukashika njia uliyoizoea.

“Kuna kingine?”

“Hakuna,” binti akasema taratibu, kama mteja aliyeambiwa bidhaa imekwisha. Simu ikakatika.

Mama akaipiga ile namba iliyobaki kwenye kioo cha simu. Akapokea mwanamume asiyemjua.

“Yule dada kaazima simu yangu tu, mama. Keshaondoka.”

“Hapo ni wapi?”

“Stendi kuu. Magari ya kila upande.”

“Kapanda lipi?”

“Sikuangalia, mama. Nisamehe.”

Alikuwa bado ameshika mkono wa simu mtunza stoo alipoingia kuchukua nakala za njano za kitabu cha oda, kama kila siku saa sita. Akachana ya juu, akaanza kuisoma kwa sauti huku anatembea, akaishia katikati. Akarudi mezani. Siku hiyo hakuwa na utani.

“Dada,” akasema, “hapa kwenye anwani hujaandika kitu.”

“Sikumuuliza.”

Mtunza stoo akaikunja ile karatasi mara mbili, akawa hajui aiweke wapi, mwisho akaiweka mbele ya Mama Narudia na kutoka.

Simu ikalia. Ilipolia mara ya pili, akaipokea.