Nta ya Baba

Ijumaa asubuhi, nyumbani kwetu Bawshar, nilimkuta mdogo wangu Khattab anaiosha gari ya marehemu baba kwa sabuni ya vyombo.

"Wafanya nini?"

"Nnaitoa nta, kaka. Nnapaka silanti, dawa ya kukinga rangi isishike uchafu. Nta kwa jua la hapa haimalizi mwezi, inayayuka. Silanti inakaa nusu mwaka. Boneti nshamaliza."

Baba hakutaka hata kuisikia hiyo silanti. Kila Ijumaa kabla ya sala akipaka nta kwa kiganja kitupu, akingoja ikauke, kisha akiifuta kwa kanzu kuukuu. Ijumaa ya mwisho alipaka, akaanguka kabla hajaifuta. Alama nyeupe ya kiganja chake ikabaki kwenye boneti, na mimi nikakataza mtu yeyote kuigusa.

Nikatazama boneti. Inang'ara tupu.

Nikampiga Khattab ngumi ya mdomo. Akaanguka. Nikamwinua kwa shingo ya fulana, nikambamiza uso palepale palipokuwa na alama ya baba. Jino likavunjika. Mama akatoka mbio, analia, "Marhoon, utamuua nduguyo!" Nikambamiza tena.

Damu ikajikusanya vitone vitone juu ya rangi, ikateremka yote. Haikuacha doa.

"Umeona, kaka?" Khattab akasema, mdomo umejaa damu. "Haishiki kitu."

Nikaweka kiganja changu pale, kimelowa damu yake, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Nilipokiondoa, hapakuwa na alama ya mtu.