Maoni ya Kiti cha Tatu

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na viti sita, mashine sita na kitabu kimoja. Kitabu chenyewe kilikuwa cha nne katika mfululizo wa Meno ya Mpenzi, hadithi ya msichana aliyependana na mnyonya damu. Wala usishangae. Mtu anayekaa saa nne akitazama damu yake ikitoka na kurudi kwenye mipira hana la kumwogopa mnyonya damu wa kitabuni. Dereva wa lori wa kiti cha pili alisema afadhali hata huyo, maana yeye hubusu kwanza.

Kitabu kilianzia kiti cha kwanza, na aliyekimaliza alimpa jirani yake. Lakini kabla ya kukitoa mkononi, sharti aandike maoni katika daftari lililokaa kwenye droo ya muuguzi, na wengine walikuwa na ruhusa ya kumjibu. Watu wametukanana kwa adabu sana katika daftari lile.

Kiti cha tatu kilikuwa cha Mwalimu. Alifundisha lugha miaka thelathini, kisha sukari ikamwondolea macho, na ilipomaliza macho ikahamia kwenye figo. Binti yake, fundi cherehani, alifunga duka kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ili aje kumsomea na kumwandikia maoni. Mama huyu alikuwa mkali kwa wahusika kama alivyokuwa mkali darasani. Kuhusu kitabu cha tatu alisema, "Kijana ana umri wa miaka mia nne na bado hajajifunza kubisha hodi. Alama tatu kwa kumi."

Sasa fundi huyu alikuwa na jambo limemkaa kooni. Alikwisha kupimwa, na daktari akasema figo yake inamfaa mama yake. Mama alikataa. Mara ya kwanza alikataa akicheka, mara ya pili hakucheka. "Nilikuzaa nikupe," alisema, "sikukuzaa nikunyang'anye." Tangu hapo kila fundi alipojikaza aseme tena, alijikuta anaongelea bei ya nyuzi. Usiku alilala na hofu, asubuhi akaamka nayo.

Jumatatu moja wakafika sura ya ishirini. Msichana wa kitabuni, naye sasa amekuwa mnyonya damu, alipiga magoti kitandani kwa mama yake mgonjwa na kumwambia akubali kung'atwa ili asife kamwe. Jicho la anayesomea wengine hutangulia ulimi, na jicho la fundi likaona yanayokuja: mama yule aligeukia ukuta, akasema hapana, na chini ya ukurasa alikuwa maiti.

Ulimi wake ukagoma. Hakupanga, lakini alijisikia anasoma maneno yasiyokuwepo.

"'Mama, sikupi kwa sababu umeniomba. Nakupa kwa sababu sijui kuishi katika nyumba usiyokuwemo. Nakuomba, usinikatalie mara ya tatu.' Mama yake akashusha pumzi, akasema, 'Haya, mwanangu.'"

Akafunua kurasa mbili kwa mpigo na kuendelea na mapigano ya msituni.

Sura ilipoisha Mwalimu alijiweka sawa kitini. Kisha akasema, "Chukua daftari, andika. Mama huyu amefanya vizuri kukubali. Alidhani anamhurumia mtoto, kumbe ni woga wake mwenyewe. Alama tisa kwa kumi."

Fundi aliandika. Mama hakuwahi kumpa mtu yeyote tisa, na leo ameupa uongo.

Jumatano, dereva aliomba daftari aone kama kuna aliyemjibu. Alisoma midomo ikichezacheza, halafu akapaza sauti.

"Mwalimu! Mama yupi huyo aliyekubali? Mimi nimelia hapa hapa mpaka mashine ikapiga kelele! Yule mama si amekufa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kiti cha pili. Dereva alitazama uso wa fundi, akaelewa amefanya nini, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mama," fundi alisema, "nilikudanganya. Pale nilitunga."

"Nisomee ilivyo."

Akasoma ilivyo. Alipofika kwenye ukuta sauti ilimkatika, akaanza upya, akamaliza. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyozoea wanafunzi waliposoma kwa sauti.

"Alama nne," alisema. "Mwanamke amekufa bila kumuuliza mwanawe hata swali moja."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Nilijua siku ile ile. Msichana wa kitabuni haombi, tangu kitabu cha kwanza anaamrisha tu. Halafu mimi nimesahihisha insha zako tangu darasa la kwanza. Macho ndiyo yamekwenda, masikio ninayo."

Dereva alicheka chini ya shuka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa.

Fundi alibaki na kitabu mapajani. "Sasa kama ulijua, mbona ukaniandikisha maoni ya jambo ambalo halimo kitabuni?"

Mwalimu alinyoosha mkono usiokuwa na mipira, akapapasa mpaka akavipata vidole vya binti yake, vyenye alama za sindano ya kushonea, kama vyake vyenye za kupimia sukari.

"Nani alikuambia yalikuwa maoni ya kitabu? Wewe uliuliza, mimi nikajibu. Siku mbili nakusubiri unielewe." Akamfinya kidole. "Nenda kamwite daktari, mwanangu, kabla sijaogopa tena."