Samaki wa Kaisari

Kapteni wa chuo kipya cha askari, kando ya Ziwa Nyasa, alitaka nembo ya udongo langoni: tai wa Kaisari, mabawa wazi, makucha nje. Kazi alipewa shangazi yangu Neli, Mkisi, mfinyanzi.

Shangazi akafinyanga ndege anayemfahamu, yaani kwazi, tai mla samaki wa ziwani, akamwekea mbasa makuchani. Mimi, msomi wa bweni la misheni, bingwa wa Kijerumani na wa kupigishwa magoti, niliitwa kutafsiri.

"Huyo samaki anatafuta nini?" Kapteni akauliza. "Atolewe kabla ya ukaguzi wa Jumapili."

"Mwambie," shangazi akasema, "mama yangu alichora samaki kwenye kila chungu. Asipokuwepo, watu watasema hii kazi ya Felista."

"Felista ana ubaya gani, shangazi?"

"Vyungu vyake vinavuja. Samaki akitoka, navunja na ndege."

Nikavaa uso wa mchungaji mazishini. "Bwana mkubwa, fundi anasema samaki ni adui. Yumo makuchani mwa Kaisari, wala hafurukuti."

Masharubu ya Kapteni yakapanda. Nembo ikapandishwa langoni, makuruta wakaamriwa kuipigia saluti.

Ningekuwa mwerevu ningeishia hapo. Lakini Kapteni aliipenda nembo kupita kiasi: akatangaza kuwa mbasa sasa ni kitu cha heshima, marufuku kuliwa chuoni.

"Ndizi na maharage, asubuhi na jioni, kwa ajili ya shangazi yako!" Lameck, kuruta wa Ngana, akanivamia. "Angewekwa ng'ombe ningeelewa. Kwetu ng'ombe ndiyo heshima."

"Ng'ombe anaruka?" Ambokile, Mkisi mwenzetu, akauliza.

"Kwani samaki anaruka?"

"Huyu anaruka. Hebu tazama juu."

Lameck akatazama, akazidi kukasirika. "Kesho nampasua kwa jembe. Asipokuwepo samaki, hakuna marufuku."

Hakuwa anatania, jembe alikuwa nalo mkononi. Nikamkimbilia Kapteni, nikakaza mgongo.

"Bwana mkubwa, askari wanauliza kama Kaisari humhurumia adui."

"Hata kidogo!"

"Basi mbona adui amesamehewa jikoni?"

Kapteni akasokota masharubu, kama mtu anayetafuta kifungu cha Biblia asichokijua. Mchana uliofuata mbasa walirudi, wakaliwa kwa utiifu wa kijeshi. Lameck, mzalendo kuliko wote, alitafuna hadi kichwa.

Jumapili, wafinyanzi waliokuwa wakipeleka vyungu mnadani walisimama langoni, mizigo kichwani, macho juu.

"Wanamstaajabia tai wetu," Kapteni akamwambia mkaguzi.

Mzee wao, Marta, akamgeukia shangazi, aliyesimama kando yangu. "Ndaga, Neli, asante. Nilidhani samaki wa mama yako alikwenda naye kaburini."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akisingizia vumbi, ingawa usiku mvua ilikuwa imenyesha.

"Wanasema nini?" Kapteni akaniuliza.

"Wanaisalimu nembo, Bwana mkubwa."

"Na fundi je?"

Nikamuuliza. Shangazi akakagua kazi yake, kichwa upande.

"Mwambie ndege nimemharakisha kidogo," akasema. "Ila kashika vizuri."