Usimwite Ranter

Asubuhi hiyo Keziah aliosha bakuli la Ranter, akaliweka jikoni palepale lilipokaa zamani. Leo mbwa wake anarudi nyumbani.

Huko Dorset, Uingereza, mwenye ardhi alifuga mbwa wa kuwindia mbweha, na watoto wao waligawiwa wapangaji wawalee mpaka wakomae. Hulipwi, wala huulizwi kama unataka. Keziah aliletewa Ranter wiki ileile aliyomzika mwanawe wa pekee, na wajuaji wakasema huo ni mkosi. Mkosi gani, jamani? Mbwa yule ndiye aliyemtoa mama wa watu kitandani. Siku walipokuja kumchukua, Keziah alilia kama aliyefiwa tena, na anayetaka kucheka acheke.

Bandani, mbwa akizeeka hupigwa risasi. Lakini Legg, mtunza mbwa, alimwahidi Keziah kuwa Ranter akimaliza uwindaji wa mwisho wa msimu, atamleta mwenyewe.

"Ila sharti ni lilelile, bibie," alisema. "Akiwa kazini usimwite. Mbwa akisikia sauti ya mlezi wake, anasahau kila kitu."

"Kwani nina kichaa?"

Adhuhuri alishuka machimboni kumpelekea mumewe Obed mkate na jibini. Wakakaa chini ya ukuta mrefu wa mwamba.

"Jana baani Legg alinipa kali moja," Obed alisema huku akitafuna. "Unajua kwa nini machimbo haya na mnyama anayewindwa vyote tunaviita quarry? Kasisi kamwambia ni maneno mawili ya zamani, yamekutana tu njiani. Letu limetoka kwenye kuchonga jiwe liwe mraba. Lao limetoka kwenye ngozi. Zamani mnyama akishauawa, ngozi yake inatandikwa chini, matumbo yanamwagwa juu yake, mbwa wanakula hapo."

"Ebo! Obed, nakula!"

"Unakula wapi? Tangu ufike unatazama juu tu."

Ndipo wakasikia mbwa. Mbweha alitokea ukingoni juu yao, akachepuka kwenye kinjia chembamba anachokijua, akapotea. Nyuma yake makelele yalizidi, na katikati yake Keziah alitambua sauti ya Ranter, imekwaruza kwa uzee. Vichaka vilificha ukingo wote.

"Obed, hawaoni! Wataanguka!"

"Tulia, mke wangu."

Ranter alitokea wa kwanza. Akasimama. Mungu wangu, alisimama! Machimbo hayo ndiyo yaliyomlea; ukingo ule aliujua tangu akiwa mdogo. Wenzake waligeuka wakamfuata mbweha, naye alikuwa anageuka pia. Lakini hofu haina masikio, na Keziah alishafungua mdomo.

"Ranter! Rudi! Ranter, mwanangu!"

Mbwa aliinamisha kichwa akamwona. Mkia ukaanza kutikisika. Akaruka kumfuata, kutoka juu kabisa pale ukingoni.

Legg alishuka akihema, kamba ya kumrudisha Ranter nyumbani ikining'inia begani.

"Nani ameita?"

"Mimi," Obed alisema haraka.

"Muongo huyo," Keziah alisema. Alikuwa ameketi kwenye vumbi la mawe, amempakata mbwa kwenye aproni yake. "Ni mimi. Nilimwambia arudi."

Legg alipiga goti kando yao. Akaivua kamba begani, akaiweka taratibu karibu na goti la Keziah.

"Ni wako, mama," alisema. "Nilikuahidi."

Mkia wa Ranter ulitikisika tena, kidogo tu, kwa sababu alikuwa ameitwa na akaja. Kisha ukatulia.