Kinywa Kisichonyamaza

Barua ya warsha ilifika Jumatatu asubuhi. Fundi wa meno ya bandia aliisoma amesimama, mikono imejaa vumbi la plasta. Siku tatu, juu ya meno ya chini kwa vinywa vigumu. Moyo ulimruka, kisha akautuliza. Warsha alishazijua. Ile ya mwisho, mtoa mada aliwasomea maneno yaliyo ukutani ambayo kila mtu angeweza kujisomea, projekta ikazimika, wakapigwa picha ya pamoja, wakagawiwa vyeti. Alirudi na kalamu mpya na usingizi.

"Usiende," alisema mwenzake wa karakana, bila kuinua macho kutoka kwenye meno aliyokuwa akiyang'arisha. "Upoteze siku tatu za likizo yako kumsikiliza mtu anayejisikiliza mwenyewe?"

Hata hivyo, mchana fundi aliipiga namba iliyoandikwa chini ya barua, akitegemea kupokewa na karani. Akapokea mwalimu wa warsha mwenyewe, mama mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo, mama. Nilitaka kujua, hiyo warsha itafundisha nini hasa?"

"Marahaba. Sijui bado."

"Hujui?"

"Nitajuaje, na sijaona mnapokosea? Wewe kazi gani imekushinda?"

Fundi aligeukia ukuta. Akashusha sauti, mwenzake asisikie. "Meno ya chini ya mama yangu. Nimeyatengeneza mara nne. Akicheka, yanaruka."

"Mara nne!" Mwalimu alifurahi kama aliyeletewa zawadi. "Basi njoo nayo yote. Na mwenye kinywa umlete."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishika. Miaka kumi na moja kazini, watu walikuwa wakimuuliza amemaliza mangapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza yapi yamemshinda. Akaijaza fomu ya likizo palepale, mwandiko ukimkimbia.

Nyumbani, mama yake alikunja uso. "Nikafanywe maonyesho, binti yangu?"

"Utakaa mbele, mama. Watataka uzungumze."

"Nizungumze, wao wanisikilize?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuanza na hilo? Nipigie pasi gauni la bluu."

Chumba cha warsha hakikuwa na projekta. Kulikuwa na meza ndefu, taa kali, na mafundi tisa, kila mmoja na mfuko wake wa aibu: meno yaliyomshinda. Mwalimu alizipanga seti nne za meno alizoleta fundi, akazigeuzageuza chini ya taa, kisha akamrudishia mama ile ya nne avae.

"Kazi safi," alisema. "Mkono haujakosea." Akamgeukia mama. "Karibu, dada. Habari za safari?"

"Safari? Wee acha tu, dereva..."

Meno yakaruka. Mama aliyadaka kwa kiganja kama golikipa, na chumba kizima kikaangua kicheko, yeye akiwashinda wote.

"Ulipomchukua kipimo," mwalimu alimuuliza fundi, "alikuwa anafanya nini?"

"Ametulia. Nilimwambia anyamaze."

"Huyu? Amenyamaza lini tena?"

Fundi alizitazama upya zile seti nne. Mwalimu alikuwa ameshalainisha nta kwenye maji ya moto. Akamkabidhi. "Mtie kinywani, halafu mwache aseme."

Mama hakungoja kuombwa mara mbili. Alisimulia harusi ya mdogo wake, jinsi bwana harusi alivyofika amevaa viatu viwili vya kushoto, na wakati wote ulimi na mashavu vilikuwa vikiisukuma nta huku na huku. Ilipotolewa, ilikuwa imejipinda vingine kabisa, si kama zile seti nne.

"Kumbe!" Fundi alipiga ukelele. "Nilikuwa nayapanga kwenye njia ya ulimi! Mara zote nne!"

"Sasa yapange pale ulimi ulipokuachia nafasi."

Aliketi akaanza kupanga, jino baada ya jino, akifuata mpindo ule. Hata hakusikia wenzake walipotoka kupumzika.

Siku ya tatu mama aliyavaa meno mapya. Akazungumza. Akaimba. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na meno yakatulia kama yameota pale. Mafundi walipiga makofi, na mwalimu akaomba asimuliwe tena ile ya viatu.

Fundi hakubaki kusikiliza. Alikuwa ameshavuta kiti hadi kwa fundi wa pembeni, amekunja mikono ya gauni lake. "Haya," alisema, "meno ya mgonjwa wako yanakushinda wapi?"