Kocha Asiyetaka Kuapa

Jumanne, tarehe 21 Februari 2006. Mvua ya rasharasha ilipita mtaa wa Hail kabla ya alfajiri, na upepo wa kaskazini ulikuwa wa baridi hata Ishaq akatoka msikitini amejizonga kilemba mpaka masikioni. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na moyoni furaha ya mtoto usiku wa kuamkia Idi. Kwenye dua aliomba mambo mawili: kesho kesi iende vizuri, na Ijumaa kombe lije Hail.

Kesi ilikuwa ya kuigiza, mtihani wa darasa la sheria alilosoma jioni. Faili lilisema hivi: mtoto wa miaka kumi na tatu aligongwa kichwa uwanjani, kocha akamrudisha mchezoni, ubongo ukapata mtikisiko, wazazi wakaishtaki klabu. Ishaq alipewa kuwa kocha kwa sababu ndivyo alivyokuwa kweli, kocha wa vijana wa mtaani kwake.

Vijana hao hawakuwahi kufika fainali kabla ya hii ya Ijumaa. Mfungaji wao alikuwa Khalil, na Khalil Jumamosi aligongana kichwa na mlinda mlango mazoezini. Alikaa chini kidogo, akainuka, akacheka. Tangu siku hiyo Ishaq alikazana kukikumbuka kicheko hicho tu.

Jioni wanadarasa watatu walikutana Ruwi, katikati ya mji, ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha mabasi. Kesho wangesema Kiingereza mbele ya walimu. Leo walitaka kuipika kesi kwa Kiswahili kwanza, iive. Nahashon, fundi umeme kutoka Kenya, alikuwa hakimu, na joho lake lilikuwa buibui aliloazimwa na Aliya. Aliya, karani wa benki, alikuwa wakili wa wazazi.

"Mheshimiwa, limekubana mabegani," alisema Aliya.

"Wakili, nyamaza nisikufunge. Shahidi, apa."

"Siapi," alisema Ishaq.

Nahashon alishusha karatasi. "Mzee, si haya ni maigizo tu?"

"Maigizo yetu. Jina la Mungu si letu. Nimuapie kwa maneno ya faili, mambo yasiyotokea?"

"Ami Ishaq," Aliya alimsihi, "kesho ukikataa hatuna shahidi, na bila shahidi hatuna kesi. Miaka miwili ya masomo ya jioni, ya kukosa kula na watoto wangu, ami."

Nahashon alijikuna kidevu. "Kusema kweli, hata kanisani kwetu wangenitoa mbio. Basi asiape. Aseme tu atajibu ukweli."

"Hilo nnaliweza," alisema Ishaq, akakaa wima kitini. Nani angemwambia kuwa mtu aliyeacha shule darasa la saba ataitwa shahidi na kuhojiwa na wakili?

Aliya alisogea. Sauti yake ilibadilika, ikawa na makali ya kupendeza.

"Baada ya kugongwa, mtoto alikuwaje?"

"Alicheka."

"Ukaridhika kuwa ni mzima?"

Faili lilimtaka ajibu ndiyo, basi. Lakini alikuwa ameahidi ukweli, na ulimi ukaufuata.

"Nilimuuliza tuko ngapi kwa ngapi, akanipa matokeo ya wiki iliyopita. Halafu alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nikasema ni uchovu."

Aliya alifunua faili, akafunua tena. "Ukurasa gani huo, ami?"

Ishaq alilifunga faili lake.

"Mtoto wa nani?" aliuliza Aliya, na sasa haikuwa sauti ya wakili.

"Khalil. Wa Bi Sayyida, jirani yangu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ni fainali," alijibu, akajisikia mwenyewe. Siku nne alikuwa akimsoma yule kocha wa faili na kumwita mpumbavu.

"Mahakama imeahirishwa," alisema Nahashon, akilivua buibui. "Mpigie mamake, mzee. Hapa hapa."

Ishaq alipiga, akaweka simu mezani, sauti wazi wote wasikie, akamuulizia Khalil.

"Yupo, amelala," alisema Bi Sayyida. "Tangu juzi kazi yake kulala, na taa ati inamuumiza macho. Mpira wenu huo umemchosha. Ijumaa saa ngapi?"

Ishaq alisimama.

"Muamshe, Bi Sayyida. Nnakuja sasa hivi tumpeleke hospitali. Mtoto aliumia Jumamosi, nikaona, nikanyamaza. Wapo watu wawili hapa wananisikia, na mbele yao nnakuahidi: Ijumaa Khalil hachezi, na hatogusa mpira mpaka daktari mwenyewe aniambie usoni kuwa kapona."